Mfano wa Ubaoni

Ngazi za kwenda maabara ni ishirini na sita. Najua idadi yake kwa sababu mwaka ule nilizihesabu kila siku, na kila siku nilisimama kwenye ya kumi na tatu, pale zinapokata kona, nikajifanya nasoma tangazo lililobandikwa ukutani. Tangazo lenyewe lilisema ni marufuku kukimbia kwenye ngazi. Nililisoma kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa saba, na mtu akipita nilikunja uso kama vile leo limeongezwa jambo jipya.

Nilikuwa nimechoka. Sisemi ule uchovu wa mtu aliyefanya kazi, ambao ukilala unaondoka. Mimi nilikuwa nachoka kabla ya kazi. Naamka nimechoka, nachana nywele nimechoka, nikiinua mkono kuandika ubaoni naona mkono umekuwa mzigo wa mtu mwingine. Nikiwaambia watoto wakae, najikuta nimekaa mimi kwanza. Nina miaka hamsini na minne. Nimefundisha sayansi miaka kumi na tisa katika shule hiyohiyo, madarasa manne, watoto mia na sabini na kitu, na kila mtoto ana daftari. Sasa mtu akiniuliza kwa nini nimechoka, swali lake ni la kijinga, na ndivyo nilivyomjibu mdogo wangu.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Tunaishi nyumba moja tangu nifiwe na mume wangu. Chumba cha mbele ndicho karakana yake, na meza yake kubwa ya kukatia vitambaa ndiyo ninayosahihishia madaftari mwisho wa wiki, yeye upande ule na mkasi, mimi upande huu na kalamu nyekundu.

"Dada, nenda hospitali," alikuwa akiniambia.

"Nikamwambie daktari nini? Kwamba madaftari ni mengi?"

"Mwambie jana umepumzika ukiwa unafunga viatu. Kiatu kimoja, Dada. Ulipumzika katikati ya kiatu."

"Uzee huo."

"Umenizidi miaka mitatu tu. Na mimi nianze kupumzika katikati ya kifungo?"

Sikwenda. Kulikuwa na mitihani, halafu ripoti, halafu kikao cha wazazi, na kazi ya shule ukiisubiri iishe utazikwa nayo. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi si mganga, lakini nilikuwa nafundisha sura nzima ya moyo, nikiuchora kwa chaki nyekundu na ya bluu, vyumba viwili vya juu na viwili vya chini, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ninao.

Mwezi wa saba huwa tunafanya zoezi la vitendo la mapigo ya moyo. Nalipenda kwa sababu moja ya kivivu: halihitaji vifaa. Maabara yetu ina masinki sita na maji kwenye moja, ina mifupa ya plastiki yenye mkono mmoja, na ina saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, ambayo ndiyo kifaa pekee kinachofanya kazi bila kubembelezwa. Watoto wanakaa wawiliwawili. Mmoja anatoa mkono, mwenzake anaweka vidole viwili kwenye kifundo, si kidole gumba, maana gumba nalo lina mapigo yake na litakudanganya. Mimi nasema "Anza," na dakika ikitimia nasema "Simama." Wanahesabu mara tatu, kwa sababu kipimo kimoja hakiaminiki, kisha wanatafuta wastani. Baada ya hapo wanaruka mara thelathini na kuhesabu upya. Jedwali lina safu mbili: kabla ya mazoezi, baada ya mazoezi.

Na kabla hawajaanza, nachora jedwali hilo ubaoni na kujaza mstari wa kwanza uwe mfano. Mwalimu: kabla, sabini na mbili, baada, mia na kumi.

Namba hizo nilizitoa kitabuni mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Sabini na mbili ni wastani wa mtu mzima. Ni namba ya heshima, haimuudhi mtu. Sikuwahi kujihesabu. Miaka kumi na tisa nimeandika jina la kazi yangu ubaoni na mbele yake mapigo ya moyo wa kitabu. Watoto nao, watoto ni watoto, wanatazama ubao na kuhesabu mpaka wafike hapohapo. Kila mwaka nikikusanya madaftari nakuta thelathini yameandikwa sabini na mbili, na yaliyobaki sabini na moja na sabini na tatu, ya wale wanaojifanya wajanja. Nilijua wanaiba. Nikaweka tiki. Kuweka tiki ni kazi nyepesi kuliko kueleza, na hilo ni kosa langu, nalisema mapema usije ukadhani nasimulia makosa ya wengine.

Mwaka ule darasa lilikuwa na watoto arobaini na watatu, kwa hiyo lazima mmoja abaki bila mwenzake. Aliyebaki alikuwa Wakili.

Hilo si jina lake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na jina hilo alipewa na walimu kwa sababu ya ubishi. Niliwahi kufundisha kwamba jua huchomoza mashariki. Wiki tano baadaye akaja na karatasi. Aliniambia kwamba kutoka dirishani kwao, mwezi uliopita jua lilitokea kulia kwa tangi la maji na mwezi huu linatokea kushoto kwake, "sasa mashariki ni ipi, Mwalimu?" Alikuwa na haki, jua huhamahama kidogo kadiri mwaka unavyokwenda, lakini siku hiyo nilikuwa na vipindi sita na nilimwambia akae. Wenzake hawakutaka kufanya naye mazoezi ya vitendo. Ukifanya naye anakurudisha mwanzo, anapima upya, kengele inalia bado mko kwenye jedwali.

"Mwalimu, mimi sina mwenzangu."

"Jiunge na hao wawili."

"Wamesema wametosha."

Nilivuta kigoda nikaketi, nikamnyooshea mkono. "Haya, nihesabu mimi." Ukweli ni kwamba nilifurahi kupata sababu ya kukaa.

Aliweka vidole vyake viwili, vya baridi, akavisogeza kidogo mpaka akapata mahali. Nikasema "Anza." Maabara ikanyamaza kwa namna inayonyamaza mara moja tu kwa mwaka, watoto arobaini na watatu wakisikilizana kwa vidole. Niliposema "Simama" zikaanza kelele: sabini na mbili! Sabini na mbili! Sabini na nne! Wakili aliinamia daftari lake. Aliandika. Tukarudia mara ya pili, na ya tatu.

"Mwalimu, arobaini na moja," akasema.

"Ulichelewa kuanza."

"Mara ya pili arobaini. Ya tatu arobaini na moja. Wastani ni arobaini nukta sita saba."

Darasa likaangua kicheko. Kuna mmoja nyuma akasema, "Mwalimu ni kobe!" na wakacheka tena.

"Unaruka mapigo," nikamwambia. "Unahesabu moja, unaacha moja."

Alifikiri. "Basi mara mbili yake ni themanini na kitu, Mwalimu. Na ubaoni ni sabini na mbili. Bado hazilingani."

Mtu aliyelala vizuri angecheka. Mimi nilikasirika, hasira ile ya mtu ambaye hana nguvu hata ya kukasirika vizuri. "Andika ya ubaoni, tuendelee."

"Lakini hiyo sikuihesabu mimi."

"Wakili! Kaa chini."

Akakaa. Wengine wakaruka mara thelathini, sakafu ikatetemeka, vumbi likaanguka kwenye darasa la chini, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa humo akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Walipomaliza, Wakili akainua mkono. "Mwalimu, sasa ni zamu yako ya kuruka."

Sikumbuki mara ya mwisho darasa lile kucheka vile. "Andika mia na kumi," nikasema. Nilimwona anaiacha ile safu ya pili wazi.

Kesho yake asubuhi nilipanda ngazi, nikasoma tangazo langu, nikamalizia zile kumi na tatu za juu. Mwishoni mwa ngazi alikuwa amesimama na daftari kwapani, na mkononi amevaa saa kubwa ya mtu mzima, nadhani ya baba yake, inayomzunguka kama bangili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Ngazi nazo ni mazoezi, si ndiyo?"

Sikuwa na pumzi ya kumkatalia. Alinishika mkono. Niliegemea ukuta, nukta nyeusi zikipita mbele ya macho yangu kama wadudu wa mvua, nikitazama kichwa chake kilivyoinama kwenye ile saa. Dakika ile ilikuwa ndefu. Alipomaliza hakuandika mara moja. Aliniangalia, na haikuwa namna ambavyo mtoto humwangalia mwalimu.

"Arobaini na tatu," akasema. "Mwalimu, haijapanda."

"Nenda darasani."

"Unaumwa?"

"Nenda darasani!"

Sauti ilitoka kubwa, mpaka waliokuwa chini wakatazama juu. Akaondoka. Hakukimbia, kwenye ngazi hatukimbii. Mimi nilibaki nimeushika ukuta, nikajisemea kwamba ni kwa sababu sikunywa chai.

Jumamosi nilikuwa kwenye meza ya mdogo wangu na mkoba wa madaftari. Ilikuwa asubuhi ya joto, cherehani ikienda na kusimama. Mwongozo wa kusahihisha niliuandika mwenyewe zamani, karatasi imekuwa laini kama kitambaa: alama mbili jedwali, mbili vipimo vitatu, mbili wastani, mbili kama mapigo yamepanda, mbili hitimisho. Madaftari arobaini na mawili yalipita kama daftari moja. Sabini na mbili, mia na kumi, tiki. Sabini na tatu, mia na tisa, tiki. Mkono ulikuwa unafanya kazi peke yake na mimi nilikuwa nimesinzia nikiwa macho.

Halafu la Wakili. Jedwali limepigwa mistari kwa rula. Vipimo vitatu, wastani, na kwenye safu ya pili, arobaini na tatu. Chini yake ameandika: *Hitimisho: mapigo ya moyo huongezeka baada ya mazoezi, isipokuwa ya Mwalimu.* Na chini ya hapo tena: *Swali: kwa nini?*

Damu ilinipanda, au ndivyo nilivyodhani. Niliandika pembeni kwa herufi kubwa: HITIMISHO HALINA "ISIPOKUWA". Nikampa sifuri. Sifuri kamili, juu ya kumi, nikaizungushia duara.

Cherehani ilisimama. Mdogo wangu alinyoosha shingo akasoma, akacheka mpaka akatoa pini mdomoni. "Sasa kosa lake nini huyu?"

"Amebuni namba."

"Umejuaje amebuni?"

"Hazimo kwenye mwongozo."

"Mwongozo umekuhesabu lini?"

Lile neno liliniuma, na kwa sababu liliniuma nikaamua kumaliza ubishi. Nakwambia ukweli: sikujipima kwa kuogopa. Nilijipima kwa ukaidi. Nilitaka kupata sabini na kitu, niiandike kwa nyekundu chini ya ile sifuri, yule mtoto ashike adabu. Nikaitazama saa ya mdogo wangu ukutani, nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu mwenyewe.

Mwanzo sikuyapata. Nimefundisha mamia ya watoto mahali pa kuweka vidole, na mimi nikawa natafuta kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wageni. Kisha nikapata. Pigo moja. Nikangoja la pili. Nafasi katikati ilikuwa kubwa hata nikadhani nimepapoteza, nikataka kusogeza vidole, ndipo likaja. Nikangoja tena. Mshale ulipozunguka wote nilikuwa nimefika thelathini na tisa.

"Saa yako mbovu," nikasema.

Mdogo wangu akanipa simu yake. Nikahesabu tena. Arobaini.

Aliweka mkasi chini. "Nipe mkono." Akahesabu akichezesha midomo, anavyohesabu mikunjo ya marinda, na nikamwona uso unambadilika kabla dakika haijaisha. Thelathini na tisa. Sasa hakukuwa na anayecheka.

"Dada, vaa viatu," akasema. "Vyote viwili."

"Nitakwenda shule ikifungwa. Wiki tatu tu zimebaki. Nina ripoti za..."

Akauchukua mkoba wa madaftari, akauweka kwenye kiti chake, akaukalia. "Ukiyataka, nisukume." Sikuwa na nguvu ya kumsukuma. Nilitoka nyumbani nikiwa nimeshika lile daftari moja tu la Wakili, sijui kwa nini, labda bado nilitaka mtu aniambie kwamba mtoto kakosea.

Hospitali muuguzi alinishika mkono, akanitazama, akanishika tena. Kisha akaondoka na kurudi na kitanda cha magurudumu. Watu waliokuwa mbele yangu kwenye foleni walisogezwa. Mtu akikupisha kwenye foleni ya hospitali bila kugombana, ogopa. Niliogopa.

Walinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye vilima. Daktari alikuwa kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, na alinieleza kwa upole kama vile mimi ndiye wa miaka kumi na mitatu. Vyumba vya juu vya moyo, alisema, vinapiga sawasawa, themanini kwa dakika. Vinatuma amri chini kwa umeme. Amri haifiki. Vyumba vya chini vimesubiri, vimechoka kusubiri, vimeamua kujipigia vyenyewe polepole wasife njaa wenye nyumba.

"Kama waya uliokatika," nikasema.

"Hasa. Ndiyo maana ukipanda ngazi mapigo hayapandi. Huku juu wanapiga kelele, huku chini hawasikii."

Umeme nafundisha sura ya nne. Moyo nafundisha sura ya tisa. Miaka kumi na tisa sijawahi kuvuta waya kutoka ya nne kwenda ya tisa.

"Nani aliligundua hili?" daktari akauliza. Nikampa daftari. Alisoma akiwa amesimama, ukurasa mzima, kisha akafika kwenye duara jekundu. "Na hii sifuri?"

Niliangalia dari.

"Mama, huyu amepima mara tatu kabla, na akapima na baada," daktari akasema. "Hilo neno lake 'isipokuwa' ndilo ugonjwa wenyewe. Ulisema ulitaka kusubiri wiki ngapi?"

"Tatu."

"Mimi nisingekuahidi tatu. Siku moja ungeanguka kwenye hizo ngazi."

Nililia. Mdogo wangu alinishika bega akisema usiogope, usiogope. Nilikuwa naogopa, ndiyo, lakini hicho hakikuwa kilio cha woga. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumatatu waliniwekea betri. Ni kitu kidogo, kinakaa chini ya ngozi karibu na mfupa wa bega, na waya wake unashuka mpaka ndani ya moyo kupeleka ile amri isiyofika. Wameiweka kwenye mapigo sitini kwa dakika. Siku ya tatu nilivaa viatu vyote bila kupumzika, na mdogo wangu akapiga makofi kwa dhihaka mpaka wagonjwa wengine wakauliza kuna nini.

Kuna jambo moja lilinipita, na naapa nililisahau, kwa kuwa nilikuwa nafikiria kufa. Siku ileile ya Jumatatu mdogo wangu aliupeleka mkoba wa madaftari shuleni ili watoto wasikose alama zao. La Wakili alilitoa kwenye droo ya hospitali akalirudisha pamoja na mengine. Sifuri ilikuwa humo, na duara lake.

Nilirudi kazini baada ya wiki nane, muhula mpya. Nilipanda ngazi ishirini na sita. Kwenye ya kumi na tatu nilipita bila kusoma, na nikajisikia vibaya kidogo, kama mtu aliyempita jirani bila salamu. Mwili ulikuwa mwepesi. Uchovu uliobaki ulikuwa wa aina nyingine, wa mtu anayejua anapokwenda na hapataki.

Darasa lilisimama. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akinishikia kipindi, ni mtu mtiifu. Alifundisha kwa kufuata maandalizi yangu neno kwa neno. Kwenye kona ya ubao, ndani ya mstatili wenye maandishi USIFUTE, jedwali langu lilikuwa bado lipo. Mwalimu: sabini na mbili, mia na kumi.

Nilikuwa nimejiandaa. Niliwaambia kwamba mfano ule sikuupima hata siku moja, kwamba niliutoa kitabuni, na kwamba wote walionakili nimewafundisha mimi kunakili. Niliwaambia kwamba mtu mmoja humu alipima kweli, nikampa sifuri, na kama si yeye leo wangekuwa na mwalimu mwingine. Walipiga makofi. Wakili aliangalia meza.

"Lete daftari lako," nikasema.

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nilifungua ule ukurasa, nikaikata sifuri, nikaandika kumi na saini yangu. Halafu macho yakaenda kwenye ukurasa wa pili, unaotazamana nao. Juu ameandika *Masahihisho*. Mwalimu wa hesabu huwaagiza waliopata chini ya tano warudie zoezi kwa kufuata mfano wa ubaoni. Jedwali limepigwa kwa rula. Kabla: sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na mbili. Baada: mia na kumi. *Hitimisho: mapigo ya moyo huongezeka baada ya mazoezi.* Hakuna isipokuwa. Hakuna swali. Pembeni, kwa mkono wa mwalimu wa hesabu, tiki tano na kumi juu ya kumi, na neno *Vizuri*.

Kurasa mbili, kumi na kumi. Nilisimama pale nikiwa nimeshika daftari na sikujua la kufanya na kalamu. Nikapiga moyo konde, kama bado ni wangu wa kupigwa, nikavuta kigoda.

"Tuanze upya," nikasema. "Nihesabu."

Aliweka vidole vyake vya baridi palepale. Nilisema "Anza" na "Simama" mara tatu. Darasa zima lilinyoosha shingo, hata yule wa kobe. Mara hii hakutamka namba kwa sauti. Aliziandika ndogondogo pembeni kwa penseli, na niliona zote tatu zimefanana, sitini, sitini, sitini, kwa kuwa betri haichelewi wala haiwahi.

Niliinuka kwenda kuufuta ule mstatili wa kwenye kona. Kifutio kilikuwa kikavu. Chaki ilikaa ubaoni wiki nane, na namba zikabaki zinasomeka kwa mbali. Niliporudi, Wakili alikuwa amefungua ukurasa mpya na kuchora jedwali, na amesimamisha kalamu ya wino juu ya mstari wa kwanza.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ya chini, "niandike sitini, au niandike ile ya ubaoni?"

Nilimtazama usoni kutafuta ubishi. Ningefurahi kuukuta. Lakini hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza tu, kwa adabu, kalamu ikiwa hewani, akingoja mimi nimwambie amehesabu ngapi.